Ripoti ya miezi mitatu: kumsoma mwenye depo kabla ya kumpa falanga

Ile Jumamosi tulikuwa watu karibu thelathini chini ya mwembe, kandokando ya kiwanja cha mupira. Wengi walikuwa wametoka kupokea dekonti final, kwa sababu sutretani waliyemfanyia kazi alikuwa amepoteza kontra yake kwenye kariera. Mtu wa miaka 22 juu ya kreni anapewa bahasha, anaambiwa merci, anarudi nyumbani. Ile bahasha ndiyo minervali ya watoto, ndiyo mabati ya nyumba, ndiyo dawa ya mama mukwe. Na harufu yake inafika mbali kuliko harufu ya samaki.

Basi alikuja kijana mmoja, shati nyeupe, viatu vinang'aa, na makaratasi ya rangi. Juu imeandikwa kwa Kifaransa kwamba ni ripoti ya miezi mitatu ya kampuni moja yenye madepo Amerika. Picha ya depo kubwa, nyeupe, milango mia moja ya malori. Ndani, meza ya namba. Akasema: munaweka dola 500, kila mwezi munapokea 8 kwa mia, juu madepo hayawezi kufilisika, watu wote wa dunia siku hizi wananunua kwa telefone na vitu vinapaswa kulala fasi.

Yaya wa kreni akanipa ile karatasi. "Papa delege, weye ulisoma. Tusomee, utuambie kama iko ya kweli."

Mimi nilimaliza humanités, option commerciale, tena zamani. Bilani ninaijua, amortisma ninaijua, lakini ripoti ya kampuni ya madepo ya Amerika sikuwa nimeiona hata siku moja. Nilisema ukweli: "Munipe juma moja. Na munipe ahadi, hakuna mtu anayefungua bahasha yake kabla." Wengine waliahidi. Sita walikuwa wamekwisha kulipa, lakini hilo nilijua nyuma.

Yale niliyojifunza ninayaandika hapa, maana ile shati nyeupe itafika na kwenu.

Kwanza, kampuni za namna ile ziko kweli. Mwaka 1960 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria iliyozizaa. Fikira yake ilikuwa hii: mtu mdogo hawezi kununua jengo kubwa peke yake, lakini anaweza kununua kipande. Kampuni inanunua majengo, inakamata kodi za wapangaji, na ikigawa angalau 90 kwa mia ya faida yake ya kodi kwa wenye vipande, serikali haiitozi ushuru wa faida kama kampuni zingine. Amerika wanaziita REIT. Ziko za nyumba za kulala, ziko za hospitali, na ziko za industri, ni kusema madepo. Vile vipande sisi tunaviita aksyo, wenzetu wa Tanzania wanasema hisa.

Ile kubwa kuliko zote za madepo ni Prologis, ya San Francisco. Iko na zaidi ya meta za mraba milioni 110 katika Amerika, Ulaya na Azia, na mpangaji wake mkubwa ni Amazon. Nina mdogo wangu anayefanya kazi ya usiku katika depo moja kule Ohio, kama Wakongomani wengi waliokwenda kule wakimbizi. Nikamuuliza: hilo jengo ni la nani? Akacheka. "Yaya, ni la kampuni yenye kunilipa." Siku tatu nyuma akaniandikia kwamba aliuliza chef, na chef akamwambia hapana, sisi ni wapangaji tu. Miaka mbili anabeba makartoni ndani ya ukuta asiojua mwenyewe. Sikumcheka, maana na sisi tunashuka katika mashimo ambayo wenyewe wako Toronto, London ao Shanghai, na wengi wetu hatujui jina lao kamili.

Sasa ripoti yenyewe. Kampuni ya burse ya Amerika inapaswa kuandika ripoti ya miezi mitatu mara tatu kwa mwaka. Mara ya ine ni ripoti ya mwaka muzima. Kampuni kubwa iko na siku 40 tangu mwisho wa trimestri. Inaiweka kwa polisi wa burse, SEC, na SEC inaiweka kwenye intaneti bure. Mtu yeyote, hata mwenye megabaiti za dola moja katika cyber ya Katuba, anaweza kuisoma siku ile ile na tajiri wa New York. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Mimi nilizoea kuomba karatasi ya mushahara ya mwanamemba na kungoja wiki tatu.

Lakini angalieni vizuri: ripoti ya miezi mitatu si bilani ya mwaka. Bilani ya mwaka inapitiwa na wakaguzi wa nje: wanahesabu, wanaomba bordero, wanaandikia banki, kisha wanatia sahihi kwamba namba ni za haki. Ile ya miezi mitatu wakaguzi wanaitazama tu juu juu. Wanauliza maswali, wanalinganisha na trimestri iliyopita, basi. Ndiyo maana juu ya kila ukurasa wa namba utaona imeandikwa kwamba hazikukaguliwa. Karatasi ya shati nyeupe ilijisifu kwamba "imehakikishwa 100 kwa 100". Kumbe kampuni ya kweli inakubali yenyewe kwamba kazi haikuisha.

Kitu kingine: patron mkubwa na mkubwa wa falanga wanaandika majina yao na kuapa kwamba ripoti haina uongo. Hiyo ni sheria ya 2002, iliyokuja nyuma ya uchafu wa Enron. Anayeapa uongo kwa kusudi anaweza kufungwa hadi miaka 20. Nikarudia karatasi yetu ya chini ya mwembe. Sahihi haikuwako. Ilikuwa na namba ya WhatsApp.

Siku ya pili nilikamata ripoti ya kweli, ya Prologis ya miezi mitatu ya kwanza ya 2024, na pale kichwa kiliniuma. Faida kwa kila aksyo: senti 63. Dividendi iliyolipwa kwa kila aksyo: senti 96. Nikajiambia, hawa ni wezi. Unawezaje kupata 63 ukagawa 96? Sisi tunamjua patron wa namna ile, anayelipa mushahara wa mwezi huu na mukopo wa mwezi ujao.

Nilifunga, nikaenda kunywa maji. Jibu lilinijia nikitazama parseli ya jirani.

Jirani yangu alijenga anekse tatu za kupangisha. Tuseme zilimgharimu dola 40,000. Kila mwezi wapangaji wake wanalipa 300 kwa jumla, ni kusema 3,600 kwa mwaka. Anatoa 600 kwa maji, moto, rangi na ushuru. Mkononi anabakia na 3,000. Sasa comptable anafika na kitabu chake: "Papa, nyumba zinazeeka. Tunasema zitaishi miaka 25. Kila mwaka unapoteza 1,600." Anaondoa 1,600 kwa 3,000, anaandika: faida, 1,400. Lakini jirani hajatoa hata falanga moja ya ile 1,600! Ile ni amortisma, inaishi katika kitabu tu. Akila 2,000 mwaka huo, kitabu kitasema amekula kuliko faida yake, na bado iko na 1,000 ndani ya sanduku.

Ndiyo hiyo. Kampuni ya madepo ni jirani yangu mara milioni. Amortisma yake ni mlima, na mara nyingi jengo linapanda bei wakati kitabu kinasema linakufa. Kwa hiyo tangu 1991 chama cha kampuni hizo kilitengeneza hesabu ingine, wanaiita FFO: unakamata faida, unarudisha amortisma ya majengo, unaondoa faida ya majengo yaliyouzwa. Prologis iko na yake iliyosafishwa zaidi, na kwa ile trimestri ilikuwa dola 1.28 kwa aksyo. Ukilipa senti 96 kutoka 1.28, hakuna wizi.

Lakini mimi ni mtu wa sendika, siamini hesabu inayompendeza patron kwa urahisi namna ile. Mvua ya Januari ikibomoa mabati ya anekse, amortisma inatoka katika kitabu na kuingia katika mfuko. Depo nalo linataka paa mpya, lami mpya ya malori, na kila mpangaji mpya anataka ofisi zipakwe rangi. FFO haiondoi hiyo. Msomaji mwenye akili anatafuta mbele zaidi, kwenye mstari wa falanga zilizotumika kutengeneza majengo na kuwapata wapangaji, anaiondoa yeye mwenyewe. Na kwa sababu FFO si hesabu ya kawaida, sheria inataka kampuni iweke meza inayotembea hatua kwa hatua kutoka faida ya kawaida hadi FFO. Karatasi inayokuonyesha FFO bila ile meza, ikunje, funga nayo kalanga.

Kisha ikaja sehemu iliyonifundisha kuliko zote. Mwaka mmoja mbele, trimestri ileile, hiyo FFO ilikuwa dola 1.22. Sasa 1.28. Imepanda, sivyo? Na siku ripoti ilipotangazwa, tarehe 17 Aprili 2024, bei ya aksyo ilianguka karibu 7 kwa mia kwa siku moja.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikasoma tena. Ubaya ulikuwa chini, katika utabiri wa mwaka. Kampuni ilisema kwamba wapangaji wanasitasita kutia sahihi, kwamba kwa wastani madepo yaliyojaa yatakuwa machache kuliko ilivyodhani Januari, na kwa hiyo ilishusha namba ya mwaka muzima. Haikuwa msiba, madepo zaidi ya 95 kwa 100 yalibaki na watu. Lakini burse hailipii mambo ya jana. Namba za miezi mitatu ni mambo yaliyokwisha kupita. Utabiri ndio unaosema kesho.

Jirani yangu anaelewa hiyo bila burse. Nyumba zake zote zimejaa leo, sawa. Lakini ukimuuliza usingizi wake uko namna gani, atakuambia yule mpangaji wa katikati, mwenye mushahara mzuri, kontra yake ya kazi inaisha Juni. Basi katika ripoti ya madepo, nyuma ya kuuliza ngapi yamejaa, uliza kontra ngapi zinaisha mwaka huu na mwaka ujao, na zile mpya zimeandikwa kwa bei gani kupita za zamani. Depo ambalo kontra yake ni ya 2018 linaweza kulipa nusu ya bei ya soko ya leo. Hapo kuna falanga zinazolala. Depo lililopangishwa wakati bei ilikuwa juu kabisa, lile linaweza kushuka.

Na madeni. Kampuni inayogawa karibu faida yote haibakii na falanga ya kujengea, kwa hiyo inakopa ao inauza aksyo mpya. Katika ripoti kuna meza ya madeni: ngapi, kwa riba gani, yanaisha mwaka gani. Tangu 2022 banki kuu zilipopandisha riba, meza hiyo imekuwa na maana kuliko picha zote za mbele.

Ulaya mambo ni mengine kidogo, na hapa watu wengi wanajikwaa. Kule wanafuata kanuni za kimataifa, na ile ya ripoti za katikati ya mwaka inaitwa IAS 34. Uingereza ripoti ya lazima ni ya miezi sita, si mitatu. Tena hawapunguzi jengo kwa amortisma, wengi wanalipima upya kwa bei ya soko na tofauti inaingia katika faida. Kampuni Segro ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1920 katika depo la zamani la malori ya jeshi kule Slough, iliandika mwaka 2021 faida ya zaidi ya pauni bilioni 4, na mwaka 2022 hasara ya karibu bilioni 2. Je, wapangaji walikimbia? Hapana. Kodi zilikuja, na faida ya kazi yenyewe, bila kupima majengo, ilipanda kutoka pauni milioni 356 hadi 386. Bei ya majengo ndiyo ilianguka sababu riba ilipanda. Mtu aliyesoma mstari wa mwisho tu angelia 2022, na mbaya zaidi, angecheza 2021.

Ndugu mmoja wa komite ya sendika, niliposoma haya katika mkutano, aliniuliza: "Na hawa wazungu hawaongopi?"

Wanaongopa. Hatuna lazima ya kwenda mbali. Katanga Mining, iliyokuwa na sehemu kubwa ya KCC pale Kolwezi na aksyo zake katika burse ya Toronto, ilitangaza Novemba 2017 kwamba hesabu zake zilizopita zinapaswa kuandikwa upya, pamoja na zile za katikati ya 2017. Shaba iliyoandikwa kwamba imetengenezwa na iko katika stoki ilikuwa nyingi kuliko ile ya kweli. Desemba 2018 polisi wa burse ya Ontario alikubaliana nao: kampuni ilipe dola milioni 30 hivi za Kanada, na baadhi ya wakubwa wake wakakatazwa kwa muda kuongoza kampuni za kule. Watu wa hapa waliokuwa wanapima shaba kila siku, hakuna aliyekuwa anasoma ripoti ile. Wale waliokuwa wanasoma ripoti, hakuna aliyekuwa anaona shaba. Mimi ninafikiri uongo ulipata kitanda hapo katikati.

Ninajua kwamba Septemba 2025 Rais Trump aliomba kampuni za Amerika ziache kuandika kila miezi mitatu, ziandike kila miezi sita. Wanasema inapunguza matumizi na inamsaidia patron kutazama mbali. Inawezekana. Mimi nimekwisha kuona patron akitazama mbali, na mara nyingi alikuwa anatazama mbali na sisi.

Turudie chini ya mwembe. Jumamosi iliyofuata shati nyeupe alifika, na safari hii tulikuwa zaidi ya hamsini. Nilimuuliza kwa heshima, mbele ya watu. Jina kamili la kampuni ni nini, na liko katika burse ya wapi? Ripoti hii iliwekwa kwa SEC tarehe ngapi? Nani alitia sahihi? Madepo ngapi yamejaa, kontra ngapi zinaisha mwaka huu? Madeni yanalipa riba gani?

Akasema hayo ni mambo ya tekniki, chef wake angetueleza.

Nikamwambia swali la mwisho si la tekniki. Ile kampuni kubwa kuliko zote za madepo duniani, mwaka 2024 ililipa kwa jumla dola 3 na senti 84 kwa aksyo iliyokuwa inauzwa zaidi ya dola 100. Hiyo haifiki 4 kwa mia, tena kwa mwaka muzima. Wewe unatoa 8 kwa mwezi. Madepo yenu wanalaza nini ndani, almasi?

Watu walicheka. Yeye alichukua telefone, akasema chef anamuita, akaenda kando ya barabara. Hakurudi. Namba yake ililia siku mbili, kisha ikanyamaza.

Na wale sita? Wa kwanza aliweka dola 300, wa mwisho 1,200. Mmoja wao alikuwa amepokea malipo ya mwezi wa kwanza, dola 40, na yeye ndiye aliyekuwa anaapa kwamba jambo ni la kweli. Tulipeleka plinti. Mpaka leo hakuna falanga iliyorudi. Kwa hiyo ninaposema kusoma ripoti, sitaki mtu adhani ninafundisha utajiri. Kwetu burse haiko, na simshauri mtu wa dekonti final kutuma falanga zake New York. Alime, ajenge anekse, aweke katika kooperative anayojua viongozi wake.

Lakini komite yetu imebadilisha kitu kimoja. Sheria ya kazi ya 2002 inamtaka patron aarifu delege kabla ya kufukuza watu kwa sababu za uchumi, na kila mara tulikuwa tunafika katika ile meza bila kitu, tunasikiliza tu. Sasa tunafika na ripoti ya kundi la mama, ile ya burse. Februari 2025 serikali iliposimamisha kuuza kobalti nje, hapa kila mtu alikuwa na uvumi wake. Sisi tulingoja ripoti za katikati ya mwaka, tukaenda moja kwa moja kwenye utabiri wa mwaka, kwenye stoki na kwenye kurasa za nyuma za maandishi madogo, mule wanamoandika kesi, madai na hatari. Mama mmoja wa kantini, aliyesoma hadi ya ine sekondari, ndiye mwenye jicho kali kwa zile kurasa. Anatumia rula na kalamu nyekundu.

Yaya wa kreni naye alikuja kwangu mwezi uliopita. Bahasha yake bado iko, imepungua juu ya mabati. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara ine, ukurasa wa kontra ya mpangaji anayetaka kuingia katika nyumba yake ndogo nyuma ya parseli. Garanti ya miezi sita, kontra ya mwaka mmoja. Aliniuliza kama ni bora amuombe miaka mbili kwa bei ya chini kidogo. Tulikaa pale mpaka giza, tukihesabu.